Mwenye Kuchinja Yupo

Jirani yangu wa upande wa chini akichemsha maji ya kunyonyolea kuku, mimi hufunga dirisha. Ananiona nikifunga, anacheka, kisha anapaza sauti kwa makusudi: "Hajati, ni kuku tu, si mtu!" Namjibu kwamba moshi unaniumiza macho, ingawa moshi wenyewe mara nyingi unakuwa umeelekea Bugolobi. Harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto haina haja ya upepo. Inakuja yenyewe, inapita chini ya mlango, inavua viatu, inakaa.

Uhajati ananipa kwa dhihaka. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Jinja, na jioni nilikuwa nimesharudi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma mpaka sekondari, nikarudi nyumbani. Niliolewa mtaa wa pili, mume alipofariki nikarudi nyumbani. Watoto wangu husema siku nikifa hakutakuwa na haja ya jeneza, wataniviringisha tu kwenye zulia la sebuleni. Nikialikwa harusi ya Katwe au arobaini ya Bombo, ninalo jibu langu moja lisilochakaa: "Nina bata wa kulisha." Watu wamechoka kulisikia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini bata hao wasilishwe na mtu mwingine.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya utawala wa wanajeshi, kwa hiyo sitawachosha nayo. Mnakumbuka tulivyopanga foleni ya sukari bila kujua kama huko mbele sukari ipo. Mnakumbuka sabuni ikikatwa kwa uzi. Mnakumbuka pia watu wazima walivyonyamaza kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, na likishapita wanaendelea kutoka neno lile lile walilolikatiza. Sisi watoto tuliwaiga. Tulidhani ni adabu.

Tulikaa hapa hapa Mbuya, chini ya kilima, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Babu yake Baba aliletwa na jeshi la Wazungu kutoka Sudani, kwa hiyo nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili, na majirani wakisikia Kiswahili, ambacho kwao kilikuwa lugha ya askari, walituhesabu watu wa serikali. Baba hakuwa mtu wa serikali. Baba alikuwa mtu wa sufuria. Alipika katika mesi ya maofisa wa jeshi kule juu kilimani, na kwa kuwa hakukosa sala, yeye ndiye aliyechinja pia. Hapakuwa na kuku wala mbuzi aliyeingia jikoni kule bila kupitia mkononi mwake.

Kila alasiri alirudi na kopo. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, ambalo fundi mmoja wa Katwe alilitoboa masikio mawili na kulitia mkono wa waya. Ndani mlikuwa na makombo ya wakubwa: wali ulioshikana, posho, yaani ugali, maganda ya viazi, siku nyingine kipande cha keki chenye alama ya meno. Waya ulilia kwa kila hatua aliyopiga, kwii, kwii, na kopo halikuoshwa hata siku moja. Mama alikataa kuligusa.

"Hilo kopo lako linanuka kama kaburi la samaki," alimwambia.

"Likioshwa litatoboka," alijibu Baba. "Uchafu ndio unaolishikilia."

Bata walimsikia kabla yetu. Hawakuwa bata wa kupiga kelele. Walikuwa wale wazito, wenye nyama nyekundu usoni, ambao badala ya kulia huhema tu, kama wazee waliopanda ngazi. Waya ukisikika kule kona ya barabara, waliacha walichokuwa wakifanya, wakajipanga, wakashuka ua mzima wakitikisa mikia mpaka getini. Geti naliita geti kwa heshima. Lilikuwa bati lililofungwa kwa kamba. Kuku wao hawakujisumbua. Kuku haamini sauti, anaamini punje.

Kuwalisha pamoja kulihitaji hakimu. Kuku anadonoa na kuangalia pembeni, anadonoa na kuangalia pembeni. Bata anaingiza mdomo wote na kusukuma kama katapila, kisha anakimbilia maji kwenda kusuuza, na maji yanakuwa uji mweusi ambao kuku hataki kuuona. Baba alikuwa na utaratibu wake. Aliwamwagia kuku vile vikavu kwanza, mahali palipofagiwa, na mabaki yenye maji akawakorogea bata na pumba ndani ya nusu ya tairi upande wa pili. Mimi nilisimama katikati na fimbo. Nilikuwa na fimbo na cheo, na sikuwa na mamlaka yoyote, maana dume la bata lilinipita kila siku kana kwamba mimi ni mti.

Dume hilo nililipa jina la Meja, kwa sababu ya kifua chake na uso wake mwekundu. Mama alinisikia nikiita, akatoka jikoni na mwiko.

"Unamwita nani?"

"Bata."

"Unataka tufungwe kwa ajili ya bata? Mpe jina jingine, sasa hivi."

Basi akawa Bwana Harusi. Lakini tukiwa peke yetu, mimi na mdogo wangu Kasimu tulimpigia saluti.

Ijumaa moja moja tulikula nyama. Baba alinyoosha mkono juu ya kizingiti cha mlango, akateremsha kisu kilichofungwa kwenye kitambaa, akachuchumaa kukinoa kwenye ngazi ya jiwe. Alikinoa mahali pale pale miaka yote, mpaka jiwe likafanya mfereji mdogo unaoingia kidole. Kisha alimnywesha kuku maji, akamkanyaga mabawa kwa upole, akamwelekeza Makka, yaani, kwa ua wetu, kwenye choo cha jirani. Bismillahi, Allahu Akbar. Ilikwisha haraka hata kuku wengine hawakuinua vichwa.

Nimesikia redioni masheikh wakisema mwanamke naye anaweza kuchinja. Labda. Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza. Kwetu kisu kilikuwa cha mwenye nyumba. Mtu mwingine kukishika wakati mwenyewe yu hai ilikuwa ni kama kuvaa viatu vyake.

Choo nilichokitaja kilikuwa cha Nnalongo. Alikuwa Muganda, mama wa mapacha, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita hivyo. Yeye na Mama hawakuwa marafiki, walikuwa na biashara. Nnalongo alitupa maganda ya matoke kwa ajili ya ndege wetu, sisi tukampa mbolea yao kwa ajili ya migomba yake. Kuku mwenyewe alikuwa hamli. Alilelewa na bibi wa zamani, ambaye kwake kuku alikuwa chakula cha wanaume.

"Mimi hapana kula," alisema. "Napika, nanusa, basi. Lakini hii bata yenu, Mama Zubeda, inatembea kwa shamba yangu kama chifu wa gombolola. Iambie hapa si kwake."

"Iambie wewe. Mimi hainisikii."

Alasiri moja bata walishuka getini, na waya haukulia.

Walisimama pale. Nilikwenda kuwarudisha, wakarudi, wakageuka, wakashuka tena. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliupepeta mpaka ukawa hauna tena kitu cha kutolewa, na bado akaendelea.

Asubuhi alivaa gauni lake la Idd, akapanda kilimani kuuliza. Alirudi jua likiwa kichwani, ameshika viatu mkononi. Nilimsikia akimweleza Nnalongo kwenye ua, kwa ile sauti ambayo watu wazima hudhani watoto hawaisikii. Askari wa langoni alimwambia kwamba watu wa jikoni wote wamebadilishwa. Kisha akamwambia: mama, usije hapa tena, nakwambia kama dada yangu.

Nnalongo alikuwa amebeba beseni la maganda. Aliliweka chini polepole. Kaka yake mwenyewe alikuwa ameondoka na moja ya yale magari yanayopunguza mwendo, na tangu hapo alikuwa akitutazama sisi kwa jicho ambalo nilidhani ni la hasira ya bata.

"Kumbe hata ninyi," alisema.

"Hata sisi."

"Mimi nilifikiri ninyi..."

"Najua ulivyofikiri."

Wakasimama hivyo, na ua wa miti katikati yao. Kuanzia siku ile Nnalongo hakulalamika tena juu ya shamba lake. Bwana Harusi aliingia na kutoka alivyotaka, na nadhani hata yeye alishangaa.

Sisi Mama alituambia hivi: "Baba amepelekwa kupika mbali. Wakubwa wakishiba, atarudi." Nilielewa vizuri sana. Wakubwa nilikuwa nimewaona wakipita kwenye magari yao, walikuwa watu wa matumbo. Kuwashibisha kungechukua muda. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo linalonishtua nikikumbuka, jinsi nilivyokula na kulala na kuruka kamba.

Wasiwasi wangu ulikuwa wa chakula cha ndege. Makombo yalikuwa yamekoma, na ndege hawakujua. Nikapewa beseni nizunguke nyumba kwa nyumba kuomba maganda. Niliokota dagaa waliomwagika sokoni. Nilikata mchicha wa mwituni. Mvua ikinyesha nilichimba vichuguu kutafuta mchwa, nikarudi nimevimba mikono. Shuleni waliniita Zubeda Mabata na kukaa mbali nami, na walikuwa na haki, maana nilikuwa nanuka. Nilijifariji. Niliwaambia Baba akirudi tutachinja kuliko harusi ya mfalme, nao hawataalikwa.

Kwa sababu ndivyo nilivyohesabu mambo. Hakuna aliyechinja, basi ndege walizidi. Mama alijua kuwachezea mayai: alimwatamisha kuku mayai ya bata kwanza, akaacha siku zipite, ndipo akamwongezea ya kuku, ili wote watoke pamoja, kwa kuwa bata hukawia ndani. "Bata hana haraka ya dunia," alisema. Vifaranga wa kila namna walimfuata mama mmoja, na wale wa bata wakiingia kwenye tairi la maji kuku alipiga kelele kuzunguka ukingo kama mtu aliyeibiwa. Ua ukajaa. Walilala jikoni, walilala chini ya kitanda, walilala juu ya cherehani. Kuku mmoja mwekundu alitaga kwenye kiti cha Baba, kile cha mikono, akaatamia pale pale. Kasimu alitaka kumtoa.

"Mwache," alisema Mama. "Afadhali kiti kina joto."

Na sisi tulikuwa na njaa. Sitaki mtu aone ni hadithi ya kuchekesha tu. Tulikula maharage, tulikula mayai, mayai mengine Mama aliyauza apate chumvi. Kuku wenyewe hakumuuza hata mmoja. Alisema akirudi atachinja nini? Kasimu alikonda mpaka magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Alikaa mlangoni akiwatazama kuku wakipita, wanene, wanang'aa, na macho yake yalikwenda nao na kurudi nao.

Siku ya Idd alikuja Baba Mdogo, yaani mdogo wake Baba, fundi wa baiskeli. Alikuja amevaa kanzu, ananukia udi, na ameshaamua.

"Shemeji, Idd njema. Lete kisu."

"Cha nini?"

"Cha nini tena? Leo sikukuu. Watoto hawa wamekonda kama spoku, na ua umejaa nyama inayotembea. Nichinje wawili tu."

Mama alikuwa ananiandikia hina mkononi. Hakuinua kichwa. "Mwenye kuchinja yupo."

"Yupo wapi?"

Hapo alimtazama. "Wewe uliyenyonya naye ziwa moja, unaniuliza mimi?"

Baba Mdogo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Alikaa kidogo, akanywa chai isiyo na sukari, akasifu chai. Alipoondoka bata walimsindikiza getini, wakasimama pale wakitazama barabara. Idd ile tulikula mayai. Kasimu alilia mpaka akasinzia, na mimi nikamwambia ajizuie, kila kuku tusiyemla leo anatungojea kesho. Nilikuwa na busara nyingi za namna hiyo.

Sijui ni muda gani ulipita. Vifaranga wa kwenye kiti walikuwa wameshakuwa kuku. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika, ua unatoa mvuke. Nilikuwa nawakorogea bata pumba. Ghafla wakainua shingo, wote, pamoja.

Kwii. Kwii.

Bata hawakimbii. Nimefuga bata maisha yangu yote na nawaambia hawakimbii. Siku ile walikimbia. Waliangukiana, walikanyaga vifaranga wao, Bwana Harusi alinyanyuka kabisa kutoka ardhini na kuruka, uzito wake wote ule, mpaka getini. Niliangusha mwiko nikawafuata. Mama alitoka ndani bila mtandio.

Nyuma ya bati alisimama mwanamume mwembamba, mzee kidogo, asiye na sare. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto kama mikono ya Baba, kwa hiyo nikajua ni mtu wa jikoni. Mkononi alishika kopo letu. Bata walikuwa wamejazana kwenye bati upande wetu wakihema, naye aliwaogopa.

"Hapa ndipo kwa mpishi?"

"Ndipo," alisema Mama.

"Nimeambiwa nilete hili."

Mama alifungua kamba, akalipokea. Lilikuwa linang'aa. Sikuwahi kujua kwamba chini ya uchafu ule palikuwa na picha ya ng'ombe. Lilikuwa limesuguliwa nje na ndani, kwa majivu, mpaka kwenye mshono. Mama aliingiza mkono, akauzungusha chini kabisa, kama mtu anayekusanya punje za mwisho.

"Nani ameliosha?"

"Mimi, mama. Sikuona vizuri nikuletee lilivyokuwa."

"Lilikuwa na nini?"

Yule mtu aliwatazama bata. "Usiniulize, mama."

"Karibu chai."

"Asante. Sitakaa."

Akaenda zake, upande wa ukingo wa barabara, karibu na miti. Bata walikuwa wameingiza midomo kwenye kopo, mmoja baada ya mwingine, wakigonga bati tupu.

Niliruka. Naona haya kuandika, lakini niliruka kwa miguu yote miwili. Kopo limerudi! Mtu hutanguliza mizigo, kisha anakuja mwenyewe. Mbona hata kuoshwa lilikuwa limeoshwa? Baba alikuwa amekumbuka jinsi Mama alivyolalamika, akaamua kumfurahisha. Nilimweleza Mama haya yote, haraka haraka, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiwe, kidole chake kimeingia kwenye ule mfereji.

"Nenda kwa Baba Mdogo," alisema. "Mwambie namwita. Mwambie kisu kipo."

Mnaona sasa. Ningefikiri nini kingine? Niliteremka barabara ile nikipiga kelele, "Baba anarudi! Tunachinja!" na watu walinyamaza kama gari limepunguza mwendo. Baba Mdogo alikuwa ameshika gurudumu. Nilipomwambia kisu kipo, aliliacha likaendelea kuzunguka peke yake. Alinawa mikono kwa mchanga, akanawa tena. Njiani alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika watoto mikono.

"Kuna mtu amekuja?" aliuliza.

"Ameleta kopo. Limeoshwa!"

Aliongeza mwendo.

Bwana Harusi nilimkamata mimi mwenyewe. Nilimbeba kifuani, mzito kama mtoto, nikamwambia sikioni kwamba yeye ndiye mgeni wa heshima. Baba Mdogo alichukua kisu juu ya mlango, akachuchumaa kwenye ngazi, lakini mkono wake haukuuweza ule mfereji. Alinoa pembeni yake. Kisha akawaelekeza kwenye choo cha Nnalongo, mmoja mmoja, bata kwa kuku. Mama alikuwa ameingia ndani.

Nnalongo alikuja bila kuitwa, na sufuria yake kubwa. Alichemsha maji, akakaa kwenye kigoda, akanyonyoa. Yeye ambaye kuku hakuwahi kumtia mdomoni alinyonyoa ndege wote wale, mpaka vidole vikawa vyeupe kwa maji ya moto. Harufu ilijaa ua mzima. Manyoya yalimganda mikononi. Mimi nilikaa karibu naye nikichagua manyoya mazuri ya Bwana Harusi, na nilikuwa naimba. Mwanamke mmoja wa mtaani alitaka kuninyamazisha.

"Muache," alisema Nnalongo. "Muache aimbe kwanza."

Watu walianza kuingia. Niliwahesabu wageni wa karamu. Wanaume walikaa kwenye mikeka na misahafu, wakasoma kwa sauti za chini. Wanawake waliingia bila vigelegele, wakavua viatu, wakapita moja kwa moja chumbani kwa Mama. Niliona ni taratibu za heshima, kwa kuwa Baba alikuwa anatoka kwa wakubwa. Niliandaa sahani yake. Nilimtoa kuku mwekundu kwenye kiti, nikakipangusa, nikaweka mto. Mama alipotoka alikuwa amevaa nguo nyeupe. Bangili zake hazikuwepo, na masikio yalikuwa matupu, madogo, kama masikio ya msichana.

Pilau ikapakuliwa. Kasimu alikuwa ameshajaza mdomo, mafuta yanamtiririka kidevuni, macho ameyafumba kwa raha. Sijawahi kumwona mtu akila vile. Mimi nilikuwa sijaanza. Nilikuwa natazama geti.

"Baba atafika saa ngapi?" niliuliza, kwa sauti ili hata wanaume wasikie. "Pilau itapoa."

Waliokuwa wanasoma waliacha kusoma. Kasimu peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

"Kaa, Zubeda," alisema Mama. "Kula."

"Tusimngoje?"

Alinivuta nikaketi karibu yake, akanipakulia, akaninyofolea nyama kutoka kwenye mfupa kama alivyofanya nilipokuwa mdogo sana.

"Tumekwisha kumngoja," alisema.

Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa. Hapakuwa na mengine, wala siku ile wala baadaye. Hapakuwa na maiti, wala kaburi, wala mtu aliyekuja kusema ilikuwaje. Ile nyama niliimeza. Ilikuwa tamu, na hilo sijui nilipeleke wapi.

Kesho yake alasiri nilikuwa nafagia manyoya. Kutoka nyuma ya jikoni akatokea jike mmoja wa bata, ambaye alikuwa ameatamia kwenye nyasi siku zote hizo bila sisi kujua. Hakuwa ameona lolote. Alijinyoosha, akanywa maji kwenye tairi, akashuka ua ule mtupu mpaka getini, akasimama. Mama alikuwa amekaa eda, hakuweza kutoka nje. Alimwona kutoka mlangoni.

"Nenda kamrudishe," aliniambia.

Nilikwenda. Nilisimama karibu naye. Barabara ilikuwa na watu wachache. Yule bata alihema, nami nikakuta nimenyoosha shingo kama yeye. Nilimwacha asimame alivyotaka, kisha tukarudi wote wawili.

Mayai yake yalitoka. Hawa nilio nao ni uzao wake, vizazi juu ya vizazi, na kila alasiri wanashuka getini. Geti sasa ni la chuma. Mama alifariki, Kasimu yuko Nairobi na tumbo lake, ngazi ya jiwe bado ipo. Bata ninawalishia uani pale pale, kwa kopo lile lile. Ng'ombe wa kwenye picha ameliwa na kutu. Waya nimeubadilisha mara nyingi, lakini wote hulia namna moja.

Juzi jirani alikuwa anaanika nguo, akanisikia nikipita nalo.

"Hajati, hilo kopo lako linatupigia kelele kila siku! Lipake mafuta basi, yapo nikupe."

"Kesho," nilimwambia.